Parachichi za Kornelia

Miparachichi ya Kornelia ilikuwa imeshahukumiwa. Leodegar, mdogo wa marehemu mumewe, alikwishanoa shoka.

"Shemeji, matunda yanapendeza mtini, yakiiva ni chule tupu, madoa meusi hadi ndani. Yakioza tena msimu huu, nakata, tupande migomba."

Kornelia alipapasa shina la karibu. Miti ile waliipanda na marehemu mwaka waliooana.

Ndipo Yuditha, bibi shamba, akamletea chupa ya maji meupemeupe. "Shikamoo mama. Hii ni hamira. Inakaa kwenye ganda, inamaliza chakula kabla chule haijafika. Changanya na maji, chovya matunda ukishachuma."

"Marahaba. Hamira mimi utanifundisha nini, na pombe ya mbege nimepika tangu usichana?"

Kuchovya tunda mojamoja aliona kazi. Akatia nusu ya chupa kwenye pampu, akayapulizia matunda ndani ya kreti. Yalipoiva, madoa meusi ni yaleyale.

"Umeyanywesha mbege, yamelewa!" Leodegar akacheka. Lakini shoka alikuja nalo. "Kesho asubuhi."

Jioni hiyo Kornelia alimkuta mpwa wake Zita akisugua pipa la mbege kwa sabuni.

"We mtoto! Utaiua hamira ya pipa, mbege haitachacha!"

Akamnyang'anya dodoki. Ndipo macho yake yakatua kwenye pampu ukutani, mdomo wa pampu umeganda bluu. Pampu ya kupulizia kahawa mrututu! Naye aliisuuza juujuu tu. Dawa inayoua kuvu itaiachaje hamira, nayo ni jamii ya kuvu?

"Kumbe nimeiua mwenyewe," akasema.

Asubuhi alimwahi Leodegar chini ya miti. "Nipe nafasi ya kreti moja tu, baba."

"Unaomba kama mlevi anayeomba kata ya mwisho," alisema, ila shoka likashuka kutoka begani.

Safari hii nusu iliyobaki chupani aliichanganya kwenye ndoo ya mbege, ile isiyojua sabuni. Akachovya tunda mojamoja, Zita akipokea. Kreti ya pili hakuichovya, akaziweka pamoja barazani.

Matunda yalipolainika, Leodegar akaja. Ya kreti ya pili yalikuwa meusi. Akageukia ya kwanza, akabonyeza, akanusa.

"Kisu kiko wapi?"

Akapasua moja, la pili, la tatu. Moja lilikuwa na doa dogo kwenye kikonyo. Mengine nyama safi. Akala amesimama.

"Chumvi ipo?"

Alipoondoka shoka lilikuwa kwapani. Akageuka penye mimea ya isale ya mpakani. "Hiyo hamira, kwenye kahawa haifai?"

"Kamuulize bibi shamba. Ila usimpelekee pampu yako ya mrututu."