Shokapu za Fundi Pindo

Jina lake la kwenye kitambulisho lilikuwa limekwisha kazi siku nyingi. Mtaa mzima ulimwita Fundi Pindo, kwa sababu hapakuwa na mshona nguo mwingine aliyeweza kubishana na mteja nusu saa nzima juu ya pindo la suruali, na akashinda. Alikuwa mwembamba, mkanda ukimzunguka mara moja na nusu, na alikuwa na gari kuukuu la rangi ya maziwa yaliyoungua ambalo alilipenda kupita kiasi. Alimpenda pia mkewe. Balaa ni kwamba wapenzi wake hao wawili hawakuivana.

Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mama mnene mwenye sauti ya kutuliza watoto sitini bila kusimama. Kwa miaka mitatu alikuwa amegoma kulipanda gari lile. Alisema linayumba, linamtia kichefuchefu, na hawezi kufika mbele ya watoto akiwa amekunja uso kama aliyelamba ndimu. Basi kila asubuhi Pindo alipita kituo cha basi peke yake, akampigia honi mkewe mwenyewe, naye akampungia mkono kama jirani. Watu hawakosi maneno: "Mwalimu, mumeo ana gari nawe unagombania basi?" Akawajibu, "Gari ni lake, tumbo ni langu."

Pindo alicheka pamoja nao, lakini moyoni yalimkera. Zamani mwalimu alimsimulia vituko vya darasani njia nzima, hata anafika kwenye kibanda chake cha kushonea mbavu zinamuuma. Siku hizi alikuwa na redio tu, na redio haijui kucheka na mtu. Alitaka mkewe arudi kwenye kile kiti cha pembeni yake. Hakutaka kingine.

Nadanganya, alitaka na kingine. Vijana wa pale wanapooshea magari walikuwa na magari yaliyolala chini, matairi yameingia ndani ya mbawa, yale mabati yanayoyafunika, na Pindo, na miaka yake hamsini na miwili, alikuwa akiwaonea wivu wa wazi. Kwa hiyo muuzaji wa spea alipomwonyesha shokapu mpya zenye springi zake, za kupandisha na kushusha upendavyo, za bei ya chee, na akaapa kwamba gari likishuka haliyumbi, Pindo aliona Mungu kampa viwili kwa mpigo.

Jumamosi akazipeleka kwa fundi gari. Fundi akazifunga, kisha akamwonyesha pete iliyozunguka kila shokapu.

"Ukiizungusha huku, gari linapanda. Huku, linashuka. Sasa, mzee wangu, ingia ndani ukae, na mimi niweke mizigo kidogo, ndipo tupime."

"Nikae nifanye nini?" Pindo akachomoa utepe wake wa kupimia shingoni. "Kijana, nimepima miili ya watu miaka thelathini. Nitashindwa na bati?"

"Lakini mzee, likiwa tupu..."

"Shusha."

Huyu ndiye mtu ambaye kibandani mwake hapindi suruali ya mtu mpaka avae viatu atakavyotembelea. Amekwisha kuwarudisha watu nyumbani kufuata viatu, mvua inanyesha! Siku ile akalipima gari likiwa tupu, akachuchumaa, akafumba jicho moja, akasema, "Shusha tena kidogo." Fundi gari akashusha, maana ukiona mtu anaichokoza shari kwa furaha namna ile, humzuii. Lilipotoka gereji, kidole kilipita kwa taabu kati ya bawa na tairi. Vijana wa kuosha magari wakampigia makofi. Pindo alilala usiku ule akitabasamu.

Jumatatu asubuhi alimbembeleza mkewe mpaka chai ikapoa. "Mara moja tu, mama. Likiyumba, silitaji tena mbele yako. Nitaliuza."

Mwalimu akaweka kikombe chini. "Utaliuza?"

"Naliuza."

Mwalimu akaingia. Kiti kikamlalamikia kidogo, mlango ukafungwa, na gari likashuka pale ambapo hakuna utepe uliokuwa umepima. Kwenye buti kulikuwa na cherehani ya chuma aliyoileta Pindo nyumbani kumalizia kazi, na majora mawili ya kitambaa. Pindo hakuona kitu. Alikuwa na mkewe garini, akaondoka kwa mbwembwe, mkono mmoja kwenye usukani, kona ya kwanza akaikata kwa mwendo, kwenye makutano akakanyaga breki ya ghafla, akaondoka tena.

"Unaonaje?"

"Linayumba," alisema mwalimu, ameushika mlango kwa mikono miwili.

Mara wakafika kwenye tuta la barabarani. Matairi ya mbele yalivuka. Tumbo la gari halikuvuka. Likakaa juu ya tuta, krrr, likatulia kama kuku anayeatamia. Akajaribu mbele, akajaribu nyuma. Nyuma yao honi zikaanza, na dereva wa lori akatoa kichwa: "Mzee, mteremshe mama huyo uone kama hutavuka!"

Mwalimu akatazama mbele, uso umemshuka, mkono umefika kwenye kitasa.

Pindo akatoka kama aliyechomwa sindano. "Nani kakuambia ni yeye?" alimfokea yule dereva, na mwili wake ule wa fito. "Mzito ni mimi! Hunioni? Mimi na mizigo yangu!" Akafungua buti, akatoa majora, akaitoa cherehani akiikumbatia, mishipa ya shingo imemtoka, akaviweka pembeni mwa barabara. Halafu akainama dirishani. "Mama, kaa hapo hapo. Sogea tu kwenye usukani, mimi nisukume."

Leseni mwalimu alikuwa nayo, tena aliipata kabla hawajaoana. Akasogea. Akamtazama mumewe kwenye kioo, kijasho kinamtoka, bega amelitia kwenye buti, na akacheka, cheko ambalo Pindo alikuwa hajalisikia humo ndani miaka mitatu. Gari likakwaruza, likavuka. Mwalimu akaegesha mbele, akasubiri mizigo irudi garini. Pindo akaja upande wa dereva, akangoja apishwe.

"Zunguka upande ule," alisema mwalimu kwa sauti ya darasani. "Funga mlango vizuri."

Tuta lililofuata alilipanda kimshazari, polepole, tairi baada ya tairi, mizigo yote ndani na wao wote ndani, wala halikugusa. Kona alizishika kwa mikono miwili. Breki alianza kuikanyaga mapema, kama mtu anayemwamsha mtoto. Pindo alikaa akisubiri gari liyumbe, mtaa wa kwanza, wa pili, mpaka wa tatu. Halikuyumba.

"Umeona sasa?" alisema, akijikaza. "Si nilikuambia? Shokapu hizo."

"Shokapu ni zilezile za asubuhi, baba."

Pindo akakumbuka zile kona zake zote za mkono mmoja, na kile kituo cha basi alikosimama mkewe masika na kiangazi. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Mwalimu alikuwa amekwisha kuanza kumsimulia mtoto mmoja aliyemletea jino lake lililong'oka kama kazi ya nyumbani, na walipofika kibandani Pindo alikuwa anajifuta machozi ya kucheka.

Akashusha cherehani yake, akashusha majora. Mwalimu hakuzima gari, maana shule ilikuwa mbele bado. Pindo akasimama dirishani, akafuta vumbi lisilokuwepo kwenye kioo cha pembeni, kisha akauliza kwa upole, kama abiria:

"Jioni utanipitia saa ngapi?"