Binamu wa Kizee Kutoka Alief

Yule bibi kizee wa Kizungu sikumpenda, na sitajifanya leo kwa kuwa amekufa. Miaka ile ya tisini nilikuwa nikimtunza nyumbani kwake Fort Worth: namwogesha, namlisha, namsukuma kwenye kiti cha magurudumu, na kutwa nzima nasikiliza sifa za ukoo wake. Wazee wake walikuja Texas na magari ya kukokotwa na maksai, hakuna barabara, hakuna duka. "Na watu wenu huko Tanzania," aliniuliza siku moja huku namkausha miguu, "nao wana ukoo unaojulikana?" Nikamwambia tunao, ila hatuutafuti kwa sababu haujapotea. Alininunia mpaka jioni. Nilifurahi kweli.

Kilichomnyima usingizi ni kaburi. Mama wa ukoo, yule aliyekuja na hao maksai, alizikwa wapi? Familia ilihamia mjini, kaburi likabaki porini, na waliokuwa hai hawakujua hata lilikuwa upande gani. Kizee alisema hataki kufa kabla hajaweka maua pale. Hapo tu ndipo nilipomwonea huruma, maana kwetu Tabora mtu asiyejua kaburi la bibi yake anasikitikiwa.

Katika kuulizauliza akampata binamu Houston, mtaa wa Alief. Mtu mzima, mhasibu, mpole, jina la ukoo lile lile. Wakawa wanaongea kwenye simu miezi na miezi. Kwa kina huyo bwana kaburi halikupotea: wazee waliwaonyesha watoto, na kila mwaka wanakwenda kulipalilia. "Binamu, nitakupeleka mwenyewe," alimwambia. Kizee alilia kwa furaha, mimi nikamfuta machozi. Wakapanga aje Jumamosi. Kizee akawaalika na wenzake watatu wa chama chao cha wazao wa walowezi, waje wamwone.

Jumamosi kengele ikalia, nikafungua. Mtu mweusi kama mimi, suti ya kijivu, kabeba keki aliyooka mkewe. Nikamtazama usoni. Mtume! Kidevu kile kile chenye shimo, masikio yale yale ya kizee! Hata sikuhitaji kuelezwa: mtoto mmoja wa kiume wa yule mama wa ukoo alizaa na mtumwa wake, na hawa ndio waliobaki na kaburi. Nikadhani kizee anajua. Watu wameitana binamu miezi yote ile, hawajuani? Na kwetu mgeni akifanana na wenyeji hunyamazi. Unamsifia, ajione yuko nyumbani.

Basi nikamshika mkono mpaka sebuleni, mbele ya wale akina mama, nikapaza sauti: "Bibi, binamu yako kafika! Jamani, hebu waoneni, kidevu kimoja! Damu nzito kuliko maji!"

Kizee alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Akasema nami, yule bwana hakumtazama kabisa: "Mwambie amekosea nyumba."

Amekosea nyumba! Sauti ile ameisikiliza kila wiki, amecheka nayo, amelia nayo! Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji huyu hakutaka kupona. Nilitamani kumsukuma na kiti chake mpaka barabarani.

Yule bwana hakubishana. "Binamu, gari liko nje," alisema taratibu. "Tukiondoka sasa, utafika kwa bibi yetu leo leo."

"Mimi na wewe hatuna bibi," kizee akajibu.

Yule bwana akaweka keki mezani, akatoka.

Wageni walipoondoka, hasira zote zikaniangukia mimi: nimemwaibisha, sina adabu, nirudi kwetu. Kisha, bila haya hata chembe, akaniamuru nimpigie yule bwana nimuulize kaburi liko wapi. Mahali tu, mengine hayataki. Nyani haoni kundule!

Nilipiga kesho yake. Bwana alinisikiliza mpaka mwisho. "Mpe simu," akasema. "Aniulize mwenyewe, aniite kama alivyokuwa akiniita. Neno hilo tu, nakuja kumchukua."

Nikamwambia kizee, kisha nikamwekea simu sikioni. "Sema, bibi," nikamwambia, "mbona ulikuwa unalisema?"

"Bwana..." alianza. Nilijua yule upande wa pili anamngoja. Kizee akaisukuma simu pamoja na mkono wangu.

Alikufa msimu wa baridi. Nilimpigia yule bwana kumpa taarifa, maana ndugu ni ndugu, naye akaja kunichukua. Kaburi la yule mama wa ukoo nikaliona mimi, mtu baki kutoka Tabora: jiwe moja chini ya mwaloni, pamefagiliwa vizuri. Tukang'oa majani pamoja. Baadaye akaniuliza, bila kuinua kichwa, kama binamu yake alimtaja mwishoni.

Nilitamani kudanganya. Nikamwambia hapana, na palepale nikamchukia yule kizee upya, naye yuko kaburini.