Karani Aliyevuta Viti

Siku seremala alipomwona kwa mara ya kwanza, karani wa ofisi ya haki za raia alikuwa akipuliza chai iliyokwisha kupoa. Kila aliyeingia alimvutia kiti yeye mwenyewe, akamwambia, "Anzia panapouma," kisha akasikiliza huku kidole gumba kikisugua ukingo wa meza. Seremala ni mtu wa haya. Maneno yalimtoka kwa shida. Mwanawe wa pekee yuko mahabusu wiki nzima, hajashtakiwa, wala ndugu hawaruhusiwi kumwona. Karani akapiga simu kituoni, sauti ya chini kama anayembembeleza mtoto, lakini hakubanduka mpaka wakaahidi kumpigia.

Simu haijalia, akaingia askari yule yule aliyemkamata kijana, amevaa kiraia, analalamika kwamba amefukuzwa kazi bila kusikilizwa. Karani akamvutia kiti. "Anzia panapouma, baba."

Seremala akaduwaa, asijue anune au aondoke. "Dada, si ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Na utamsaidia?"

Simu ikalia. Karani akasikiliza, akaikata taratibu. "Naye kaonewa, kaka. Wewe nenda kituoni, kijana anatoka sasa hivi. Mpelekee viatu, vyake havionekani."