Mwenye Gita wa Feri ya Kilifi

Kila feri ya Kilifi ilipochelewa, Nduku muuza korosho alimtafuta kwa macho yule mwenye gita, kwa kuwa dereva anayeshuka garini kusikiliza wimbo hushuka na njaa yake. Alimjua kwa ukucha wa dole gumba alioufuga mrefu, na kwa uzi mmoja wa gita ambao kwa hakika ulikuwa mshipi wa kuvulia. Kabla ya kuimba hulaza shavu juu ya gita kama anayesikiliza tumbo la mgonjwa, kisha huchota korosho za Nduku. "Za kulainisha koo, dada." Nduku humwachia, ndiyo kodi ya wateja. Nyimbo za watu hakuimba. Alitunga zake papo hapo, za pancha, za mama mkwe, za feri yenyewe.

Siku moja meneja wa hoteli moja ya Malindi akashuka garini, akampa kazi ya kuimba hotelini kila jioni, na shati la maua juu ya hiyo kazi. Nduku akaacha kufunga korosho.

"Nitaimba zangu?" mwenye gita akauliza.

"Zako nani anazijua? Utaimba wanazozijua wageni."

Mwenye gita akalaza shavu, akaanza: bwana ataka kasuku, kamletea shati la maua. Foleni nzima ikadakia. Kina mama wakajifunga leso viunoni, utingo akapiga bodi ya lori, feri ikapiga honi mara tatu na hakuna aliyepanda. Meneja mwenyewe alikuwa anaitikia kwa nguvu kuliko wote.

Mwenye gita akazima nyuzi kwa kiganja. "Mzee, kwenye kiitikio unachelewa. Turudie."

Meneja akavua koti, akarudia.