Dakika sita zilizomnyima Mwanakhamisi ruzuku

Saa tatu asubuhi, basi linasimama Ilula na wanawake wanakimbilia madirishani, sado za nyanya, vile vindoo vya kupimia, zimeinuliwa juu. Mwanakhamisi Habibu (51) hakimbii. Anapanga nyanya zake taratibu huku midomo ikichezacheza. Anakariri maneno ya bwana shamba, nafasi anayoigiza katika mchezo wa kikundi chake.

Kikundi hicho, Nyota ya Mlimani, kina waigizaji kumi na mmoja, wote wakulima na wachuuzi. Kimesajiliwa, kina katiba na akaunti ya benki. Mazoezi hufanyika Jumapili alasiri kwenye ghala la nyanya, matenga yakishasogezwa pembeni.

Mwaka juzi waliomba ruzuku ya Serikali, Sh3.5 milioni za spika, mavazi na usafiri. Mchezo wao ulihusu dawa za kuulia wadudu mashambani. Afisa utamaduni aliyepewa kazi ya kukagua vikundi, Fanueli Mgaya, aliusoma akaupenda, isipokuwa onyesho moja: bwana shamba anasaini karatasi ya ukaguzi wa upuliziaji dawa bila kushuka kwenye pikipiki. Akawataka walitoe.

Kikao cha kikundi kilikuwa kigumu. Pendo, mdogo kuliko wote, alisema ni dakika sita tu, bora zitoke wapate spika. Wengi walimuunga mkono. Ndipo Mwanakhamisi akawaeleza onyesho lile lilikotoka.

Mumewe, Othmani, alipulizia dawa mashamba ya watu kwa miaka saba bila miwani wala barakoa. Siku moja upepo ulimrudishia dawa usoni. Jicho la kulia halioni tena.

“Karatasi za ukaguzi za miaka yote ile zilisainiwa,” anasema. “Mume wangu hajawahi kumwona aliyesaini. Nikilitoa hilo, nabaki naigiza nini?”

Walikubaliana libaki. Mwanakhamisi akamwandikia Mgaya kumwalika aje autazame mchezo gulioni. Alikuja, akaketi nyuma. Lilipofika onyesho lile, watu waliokuwa wakicheka tangu mwanzo walinyamaza. Mgaya aliondoka bila kuaga, na mwezi uliofuata barua ikaja: ombi limekataliwa.

Waliendelea kucheza, wakikodi spika kwa michango yao. Ndipo akaja mgeni ambaye Mwanakhamisi hakumtarajia: bwana shamba halisi wa kata yao, Saulo, aliyehamia hapo miaka miwili iliyopita, baada ya Othmani kuumia.

Saulo hakuja kugomba. Alimwambia mchezo ni wa kweli, ila kuna kitu umesahau.

“Nina vijiji tisa na pikipiki moja, mama. Mafuta ninayopewa kwa mwezi yanaisha ndani ya wiki. Na hilo liseme.”

Mwanakhamisi alilisema. Sasa bwana shamba wake anasaini akiwa juu ya pikipiki, kisha anabaki peke yake jukwaani akiisukuma, imeishiwa mafuta. Watazamaji humcheka na kumhurumia kwa wakati mmoja.

Mwaka huu Mgaya alikuja tena, bila kualikwa, akakaa hadi mwisho.

“Nilidhani kazi yangu ni kuhakikisha ofisi haisemwi vibaya,” anasema. “Kumbe nilitumwa kuangalia kama fedha ya umma itafanya kazi. Pale itafanya.”

Ameandika barua ya kukipendekeza kikundi, mchezo ukiwa haujapunguzwa hata neno. Kamati ya ruzuku itakaa mwezi ujao.

Mwanakhamisi hajipi uhakika. Lakini ruzuku ikitoka au isitoke, anataka kuupeleka mchezo Chimala kwa wakulima wa mpunga, hata kama itabidi waigizaji wachangishane nauli.

“Mpunga nao unapuliziwa dawa,” anasema. “Kule hakuna anayenijua, hawatajua kwamba ni habari ya nyumbani kwangu. Nataka waione kuwa ni yao.”