Herufi P Mbili

Dada yangu ameajiriwa kutunza panya. Jirani mmoja alipopata habari hiyo alicheka hadi akashika ukuta, akambandika jina la Mama Panya, nalo likanata. Dada hakujali. Wale ni panya weupe wa maabara, wasafi kuliko jirani mwenyewe.

Kila asubuhi huvaa koti na glavu, akabadilisha maranda vizimbani, akapima chupa. Kila kizimba kina mbili: moja ya maji matupu, nyingine ya maji yenye dawa ya kulevya. Panya hujichagulia, na Dada huandika kilichonywewa.

Miezi ile nami nilikuwa kizimbani. Mama alinifungia chumba cha nyuma kwa sababu ya unga, tena si ule wa jikoni, na ufunguo akauvaa shingoni. Humo mlikuwa na godoro, ndoo na dirisha la nondo. Simlaumu, nilishauza hadi pasi yake. Aliamini nikikaa mbali na watu nitapona. Mimi kutwa nzima niliwaza unga, maana hakukuwa na kingine cha kuwaza.

Basi daktari wa utafiti akamwagiza Dada awagawe panya wapya: nusu kila mmoja peke yake, nusu wakae pamoja kwenye vizimba vikubwa vyenye magurudumu ya kuchezea. "Kwenye karatasi za vipimo andika herufi ya kwanza tu, inatosha," alisema, haraka zake hizo. Dada akatii. Wa peke yao akawaandikia P. Wa pamoja, P.

Mwezi ulipokwisha daktari akashika kichwa. "Sasa hii P ni ipi?"

Dada akaona kazi inaota mbawa. Akazivuta karatasi, akazipitia polepole. "Hawa wamemaliza chupa ya dawa kila siku. Hao ni peke. Hawa wameionja, wakarudi kwenye maji. Hao ni pamoja."

Wakapima upya wiki nzima, safari hii kwa maneno kamili. Alikuwa amepatia zote isipokuwa moja.

Jioni ile nilimsikia jikoni, nyuma ya ukuta wangu, akimsimulia Mama. Mama akawaka.

"Mwanangu si panya!"

"Ndiyo, Mama. Mbona basi tumemweka kama panya?"

"Na akitoroka?"

"Anaweza. Wa kizimba kimoja cha pamoja walikunywa dawa vilevile, sikufichi. Lakini yule wa peke yake hana hata pa kugeukia."

Nilisogea mlangoni. Nilitaka mlango ule ufunguliwe kuliko nilivyowahi kuutaka unga, na niliogopa vilevile, kwa sababu nilijijua.

Kufuli likalia. Mama alisimama mlangoni, macho mekundu, hakunikumbatia. "Haya, toka," alisema. "Anayekula humu anafanya kazi."

Akanikalisha kati yake na Dada, akanipa kisu na bakuli la vitunguu. Kwa miaka miwili visu vya nyumba ile vilifichwa kila nilipopita. Nilikishika kwa mikono miwili, na machozi yakanitoka kabla sijamenya hata kitunguu kimoja.