Mwaka wa Kupumzisha Ukingo

Wasomaji, mnisamehe kwa mwandiko wangu na kwa makosa ya herufi. Shule niliishia darasa la nane, na nikiandika naenda polepole. Sijafika pia umri wa kumwita mtu mwanangu, kwa hiyo nitasema mdogo wangu. Nasaha ninayoiandika hapa ni ya nyanya yangu.

Nakumbuka asubuhi moja ya mwaka 2012, hapa Lodwar, Bwana Ekal alipokuja kwetu kando ya mto Turkwel. Kazi yake ni kuandaa mikutano. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameleta wafanyabiashara wanaotaka kupeleka watalii ziwani, na nyanya aliwaruhusu wakutane chini ya miti yetu ya ukingoni. Sehemu hiyo ya miti tunaiita ekwar. Ni ya ukoo, na maganda ya mbegu za miti hiyo ndiyo chakula cha mbuzi wakati wa kiangazi.

Katika mkutano ule nilileta kuni. Waliopika ni mama mmoja wa Sudan Kusini kutoka kambi ya Kakuma, na binti yake Achol. Mimi ni mtu wa aibu, na Achol alinicheka kila nilipotua mzigo.

"Ya zol, ewe mtu, kuni zako zinaongea kuliko wewe!"

Siku ya mwisho, akisugua sufuria kwa mchanga, aliniambia, "Mwakani tukirudi, nikukute umejifunza kuongea." Nikaitikia kwa kichwa tu.

Kwa hiyo Bwana Ekal alipofika, moyo wangu uliruka.

"Ejok, mama," akasalimu. "Wageni walipapenda sana hapa. Tunataka kurudi mwakani, na kila mwaka. Vijana watapata kazi."

Nyanya alikuwa akiangusha maganda kwa fimbo ndefu, na hakuacha. "Vijana watapata kazi. Na miti itapata nini?"

Akamwonyesha ardhi iliyoshindiliwa na magari, na miche iliyovunjika. Maganda mengine yalikuwa yamesagika hadi yakawa vumbi. "Hata mbuzi wangu siwalishi hapa mfululizo. Mwakani wageni wako wakae kwingine. Mwaka utakaofuata warudi, ila magari yabaki barabarani."

"Mama, unawafananisha wageni na mbuzi?"

"Hapana. Mbuzi hawaachi chupa."

Bwana Ekal alicheka, akaondoka bila kupewa ruhusa ya mkutano. Nikamfuata nyanya, nikamwomba abadilishe neno lake.

"Unalilia kazi au unamlilia mpishi?"

"Kazi," nikasema.

"Basi kazi ipo. Zungushia ile miche miiba."

Niliizungushia nikiwa na hasira, miiba ikanichana mikono. Mwaka huu wa 2013 mkutano ukafanyika katika hoteli moja mjini. Nilitembea hadi mlango wa jikoni, nikachungulia. Wapishi walikuwa wa hoteli. Nikarudi zangu.

Mdogo wangu, kiangazi hiki miche imefika magotini, na maganda yameanguka mengi hata tukawagawia majirani. Nyanya alikuwa sahihi, ingawa moyo wangu haujakubali wote. Nasaha ni hii: ukimkaribisha mgeni, mpe kivuli, usimpe mti. Mahali panapokulisha papumzishe, hata kama kupumzisha huko kutakukosesha mtu unayemtamani. Mahali pakifa, hatakuwa na pa kurudi.

Bwana Ekal amekuja tena, na nyanya amekubali kwa mwakani. Mafiga matatu aliyopikia Achol sijayagusa. Kila nikichota maji mtoni napita hapo, na siku nyingine, kama hakuna mtu, nafanya mazoezi ya kuongea.

Akuj, Mungu wetu, akupe mvua kwa wakati wake, mifugo yako ishibe, na wewe upate kivuli popote utakapochoka.

Tafadhali mniandikie, hata mistari michache. Na wewe uliye Kakuma, ukimfahamu mama mpishi mwenye binti anayecheka sana, waambie ukingo umepumzika.